Kura Isiyo na Wadi

Mwulize yeyote aliyepitia chuo kikuu cha umma nchini Kenya kabla ya 2017 akueleze uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, naye atakusimulia kelele. Atakutajia vipaza sauti juu ya gari la kukodi, nyimbo nje ya mabweni usiku wa manane, mabango yaliyobandikwa hadi milangoni mwa vyoo, na neno "komredi" likitamkwa hata na watu waliokuwa hawasalimiani mchana. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, ila ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wa uzamili hayumo. Hakulala bwenini, basi hakuamshwa na nyimbo. Alifika kwa matatu Jumamosi asubuhi, akahudhuria darasa, akarudi kazini na nyumbani. Nikirudi nyuma kuangalia jinsi uongozi wa wanafunzi ulivyogeuka katika eneo la Gusii, tangu chuo cha Kisii kilipokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton hadi sasa, naona mengi yaliyobadilika na moja lililobaki palepale: mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayegombea kiti hana pa kuombea kura. Wengi hulaumu namna kura inavyopigwa. Mimi nailaumu ramani ya wapiga kura, na watu wa Nyamira, kaunti jirani, ndio wa mwisho kuhitaji kufafanuliwa nguvu ya ramani.

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi, juu ya ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Mwaka 1983 kikapandishwa kuwa chuo cha walimu wa sekondari, 1994 kikatwaliwa na Egerton, 2007 kikawa chuo kishiriki, na tarehe 6 Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati yake kamili. Historia hii husomwa kama ngazi ya kupanda, na ndivyo inavyochapishwa katika vitabu vya mahafali. Isome kwa jicho la mpiga kura na utaona jambo jingine. Tangu 1994 hadi 2013, kwa namna moja au nyingine, mwanafunzi wa Kisii alikuwa mtu wa chuo ambacho kitovu chake kiko Njoro, kando ya Nakuru. Hati ya 2013 ilikihamisha kitovu kikaja Kisii, na papo hapo Kisii nayo ikazaa pembezoni zake, kwa maana chuo kilikuwa kimefungua kampasi miji kwa miji. Mwanzoni mwa 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza 10 kati ya kampasi hizo 13 zifungwe. Sababu za Tume zilihusu ubora, na sina ugomvi nazo. Ila mtu mwenye ajira aliyekuwa amechagua kampasi kwa kuwa iko karibu na kazi yake aliambiwa ahamie mbali, na hapana aliyesimama kumsemea kwa jina la wenzake, kwa sababu wenzake hawakuwahi kuhesabiwa kuwa kundi.

Nyamira inaijua hali hiyo. Hadi 1989 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisii, na shughuli nyingi za serikali zilimalizikia Kisii mjini. Baada ya kukatwa kuwa wilaya, kisha kuwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, watu hawakuwa wengine wala udongo haukubadilika. Mpaka tu ndio uliochorwa, na mpaka huo ukaleta gavana, bunge la kaunti na wadi 20. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira na 1,266,860 Kisii. Wangebaki kaunti moja, Nyamira ingekuwa karibu theluthi ya wapiga kura, ikiomba kila mara hisani ya theluthi mbili nyingine. Hata ndani ya Nyamira, Borabu, eneo la makazi mapya lenye mashamba makubwa na matatizo yake mwenyewe, ilipata eneo bunge lake katika uchaguzi wa 2013 baada ya miaka mingi ya kuunganishwa na Mugirango Kaskazini. Sisemi kila mpaka ni baraka. Soko la Keroka, lililokaa katikati ya kaunti hizi mbili, limegombaniwa vya kutosha. Nasema tu kwamba wakazi wa Nyamira hawajawahi kusadiki kuwa haidhuru mstari upite wapi, mradi kila mtu ana kura moja.

Sasa mtazame huyo mpiga kura tunayemzungumzia. Gusii imejaa walimu, na mwalimu anayesomea uzamili huipanga elimu yake kwenye likizo za Aprili, Agosti na Desemba, au kwenye wikendi. Kuna mwuguzi wa zamu, afisa wa kaunti, mhubiri, meneja wa chama cha akiba na mikopo. Kuna pia wahadhiri wenyewe: viwango vya Tume vya 2014 vilitaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, na 2018 ikawekwa kuwa kikomo, basi wengi waliokuwa wakifundisha walirudi kuwa wanafunzi, mara nyingine chini ya watu wanaokunywa nao chai ya saa nne. Hawa wote hawaumizwi na yanayomwumiza kijana wa mwaka wa kwanza. Kijana anataka chumba, chakula cha bei nafuu, mkopo wa HELB utoke mapema. Mtu wa uzamili, ambaye mara nyingi hulipa karo kutoka mfukoni mwake, anataka msimamizi wa tasnifu asome sura ya tatu kabla mwaka haujaisha. Anataka jopo la kutetea pendekezo la utafiti liitishwe siku iliyopangwa, na muhula aliokaa bure akingoja saini usiongezwe kwenye karo. Madai haya hayajazi uwanja wala hayaimbiki. Mgombea anayepanda jukwaani kuahidi kwamba msimamizi atajibu ndani ya wiki nne atapigiwa makofi na watu sita, na wanne kati yao ni jamaa zake.

Ndiyo maana mageuzi ya 2016 yaliwahusu zaidi kuliko walivyodhani. Aprili mwaka huo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa SONU, chama cha wanafunzi wa chuo hicho, ambacho kwa mihula kadhaa kilikuwa kimeongozwa na Babu Owino, aliyekuja kuwa mbunge wa Embakasi Mashariki 2017. Desemba ikaja Sheria ya Marekebisho ya Vyuo Vikuu. Kifungu cha 41 kilifuta kura ya moja kwa moja katika vyuo vyote. Wanafunzi wakagawanywa katika maeneo ya uteuzi kwa kufuata idara, skuli au vitivo. Kila eneo linachagua wajumbe watatu wasio wagombea, wasiwe wote wa jinsia moja. Na wajumbe hao ndio wanaochagua baraza la watu saba. Mwenyekiti na naibu wake wawe wa jinsia tofauti, na nafasi tatu kati ya saba ziende kwa makundi yenye mahitaji maalumu. Kwa usiku mmoja, gari la vipaza sauti likakosa kazi. Hamna haja ya kupiga kelele kwa wapiga kura wanaoweza kukaa wote katika basi moja.

Waliochukizwa wana hoja nzito, na ile nzito kuliko zote ni ya historia. Siasa ya umati ilizaa watu waliolipa gharama ya kweli. Tito Adungosi, kiongozi wa SONU, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na akafia gerezani 1988. Wafula Buke alifungwa miaka mitano 1987. Wanaolia kwamba mfumo wa wajumbe hauwezi kuzaa mtu wa namna hiyo huenda wana haki. Lakini tukumbuke kilichoufanya umati wa chuo uwe na uzito: nchi ilikuwa na chama kimoja, na uwanja wa chuo ulikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizobaki za kumpinga mtu mkubwa kwa sauti. Tena ujasiri wa umati ni wa aina moja tu. George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, eneo ambalo leo liko Nyamira kwa jina la Kitutu Masaba, aliwekwa kizuizini 1977 baada ya kushupalia Bungeni suala la zabuni ya mabehewa ya reli. Alikwenda na swali na karatasi, na hilo likatosha kuitia serikali hofu. Mgombea wa uzamili, ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma nyaraka na kudai ushahidi, yuko karibu zaidi na mfano wa Anyona kuliko na jukwaa la bwenini. Mfumo unaompeleka chumbani kuzungumza na wajumbe ishirini na kitu, badala ya uwanjani kushindana kwa mapafu, kwa nadharia umemfaa.

Hoja ya pili ni ya pesa: wajumbe wachache hununuliwa kwa urahisi. Sibishi. Ukiwa na wapiga kura 24, anayehitaji 13 anaweza kuwalipia chakula cha jioni na bado akabaki na nauli. Wagusii wa zamani walipokalisha etureti, wazee wa ujirani wa kuamua kesi za mipaka, nao walikuwa wachache. Tofauti ni kwamba mzee aliyekula rushwa aliendelea kukaa boma lile lile, akikutana kila asubuhi na aliyemdhulumu. Mjumbe wa chuo akishapiga kura anatoweka katika umati wa wenzake. Dawa ni kumwajibisha mjumbe kwa waliomtuma, mathalani kwa kumlazimu arudi kuwaeleza alivyopiga kura na kwa nini. Kurudisha kura ya uwanjani kwa sababu hiyo ni kusahau kwamba uwanjani nako pesa zilimwagika, tena nyingi zaidi, kwa fulana, magari na wapambe.

Kwa hiyo wajumbe wenyewe si tatizo. Mambo yaliharibikia kwenye mstari. Tuseme chuo kina skuli nane, kila moja na wanafunzi 2,000 wa shahada ya kwanza na 60 wa uzamili na uzamivu. Kila skuli itachagua wajumbe watatu, na wale 60, hata wakipiga kura wote kwa sauti moja, hawatampata hata mmoja. Zidisha mara nane: watu 480 hawana mjumbe kati ya 24. Sasa chora upya. Wahesabu hao 480 kuwa eneo moja la uteuzi chini ya kitengo cha masomo ya juu, nao watatoa wajumbe watatu kati ya 27. Hamna aliyeongezwa wala aliyepunguzwa, na kura ni ile ile. Ila sasa mgombea yeyote wa uenyekiti anayepungukiwa na kura mbili atalazimika kuuliza sura ya tatu ya tasnifu ni kitu gani.

Atatokea mwenye hesabu kali aseme huo ni upendeleo: wasiofika asilimia 3 ya wanafunzi wapewe asilimia 11 ya wajumbe? Ni kweli, ni upendeleo, na nchi hii iliukubali kwa macho makavu. Lamu yenye watu 143,920 ina seneta mmoja, na Nairobi yenye watu 4,397,073 ina seneta mmoja. Tulikubali kwa kuwa tulijua kwamba palipo na wengi mno, wachache hawashindwi kwa hoja. Wanashindwa kabla ya kufungua mdomo. Mwingine atasema zile nafasi tatu za makundi maalumu zinatosha. Hazitoshi, kwa kuwa zinagombaniwa na wanafunzi wenye ulemavu na wengine wenye haki kubwa zaidi, na kumwomba mwalimu mwenye mshahara amsukume kando mwanafunzi asiyeona ni kumfedhehesha. Na mtu anayekaa kitini kwa hisani ya wajumbe wasiomhusu atawatumikia hao.

Inabaki dharau ya kawaida, kwamba hawa ni watu wazima, wana kazi na familia, serikali ya wanafunzi ya nini? Dharau hii huwatoka zaidi wanafunzi wa uzamili wenyewe, jambo linaloiongezea nguvu. Lakini utu uzima wao ndio unaowatenga. Kijana akionewa, bweni zima linajua kabla ya chakula cha jioni. Mwalimu wa Nyansiongo ambaye rasimu yake imekaa miezi minane kwenye dawati la mtu hujiona ni yeye peke yake. Hajui kwamba mwuguzi wa Manga na afisa wa Kebirigo wana rasimu katika dawati lile lile. Kila mmoja anapiga simu kwa adabu, anaambiwa ajaribu wiki ijayo, anashukuru. Malalamiko matatu yaliyotengana ni bahati mbaya ya watu watatu. Yakiletwa pamoja na mjumbe mwenye orodha ya majina na tarehe, yanakuwa ajenda ambayo baraza la chuo haliwezi kuikwepa kwa kusema hakuna aliyelalamika.

Kifungu cha 41 kinasema idara, skuli "au" vitivo. Neno hilo dogo linakiachia chuo nafasi ya kuchagua mstari upite wapi, na chuo chenye skuli au bodi ya masomo ya uzamili kinaweza kudai kwamba hiyo nayo ni skuli bila kungoja Bunge. Ombi la namna hiyo halihitaji gari la vipaza sauti. Linahitaji barua kwa msimamizi wa masuala ya wanafunzi, nakala ya sheria, hesabu ya walioandikishwa, na siku ya kupigia kura iwekwe Jumamosi, tena Agosti, shule zikiwa zimefungwa na matatu za Nyamira zikishusha walimu Kisii tangu saa moja asubuhi.