Namba Tano Wawili

Katika viwanja vya kikapu vya Dar es Salaam nilikokulia, kijana mrefu hakuulizwa anajua nini. Aliulizwa ana futi ngapi. Akishajibu, kocha alimpeleka chini ya goli na kumwambia, "Simama hapa, inua mikono." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya namba tano, na wengi wetu tulimaliza ujana wetu bila kuelezwa zaidi ya hapo. Wafupi ndio waliofundishwa kudunda mpira, kupasi na kuusoma mchezo. Mrefu alifundishwa kusubiri.

Halafu akatokea Hasheem Thabeet, na ukawa kama uthibitisho kwamba kusubiri kunalipa. Mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, aliyeanza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alipitia Kenya, akaenda Houston kumalizia sekondari, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mechi, na timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, nyuma ya Blake Griffin peke yake. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Kwetu ulikuwa usiku wa manane, na asubuhi yake hapakuwa na habari nyingine uwanjani: Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wiki zilizofuata wajomba walianza kuleta vijana wao warefu, hata wale ambao maisha yao yote walikuwa wakicheza mpira wa miguu.

Miaka miwili baadaye likaja jina lingine, na hili nalo lilikuwa la kwetu kwa namna yake. Bismack Biyombo alizaliwa mwaka 1992 Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni na vibarazani. Aliondoka nyumbani angali kijana mdogo, akacheza Yemen, kisha akaenda Uhispania kwenye klabu ya Fuenlabrada, jirani na Madrid, akapambana na watu wazima waliokwisha kukomaa. Aprili 2011, kule Portland, kwenye mechi ya Hoop Summit inayokutanisha vijana wa Marekani na wa mataifa mengine, alipata pointi 12, ribaundi 11 na akazuia mitupo 10. Kabla yake hapakuwa na aliyewahi kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu kwenye mechi ile. Badala ya kumpongeza tu, baadhi ya watu walianza kuhoji umri wake. Iliniuma sana. Mtoto wa Kiafrika akikosa, hana kipaji. Akiweza, kadanganya miaka. Juni hiyo akachaguliwa wa saba, na usiku uleule haki zake zikahamia Charlotte.

Basi tukawa na namba tano wawili wanaozungumza lugha yetu, na mabishano yakaanza. Vijiweni karibu kila mtu alikuwa upande wa Thabeet. Biyombo alikuwa na futi 6 na inchi 9, na kwa macho ya Dar ya wakati ule huyo alikuwa namba nne aliyepewa kazi isiyo yake. Walichosahau ni mikono yake: akiinyoosha, kutoka ncha hadi ncha ilifika karibu futi 7 na inchi 7. Na ukiwatazama wote wawili wakicheza, tofauti ilionekana mapema. Thabeet alizuia mitupo kwa sababu tayari alikuwa pale. Biyombo alizuia kwa sababu alifika. Katika kufunga wote walikuwa dhaifu, mikono ya Biyombo ikiwa migumu zaidi. Lakini miguu yake ilikuwa imefunzwa.

Kuna mechi moja ninayoirudia kila tunapozungumza habari hizi. Februari 16, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut walicheza na Pittsburgh. Aliyekabiliana naye siku hiyo alikuwa DeJuan Blair wa Pittsburgh, futi 6 na inchi 7, mnene, mwenye makalio mapana. Blair hakuruka. Alishusha kiuno, akamweka mwenzake mgongoni na kumsogeza nje hatua kwa hatua. Mapema katika mechi mikono yao ilinasana wakigombea mpira, na Blair akambwaga Thabeet kwa kumpitisha juu ya bega lake, futi zote saba zikaanguka sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Connecticut, iliyokuwa ikiongoza orodha ya vyuo nchi nzima, ikalala 76 kwa 68. Nikiitazama mechi ile, siioni kama aibu ya Thabeet. Naona kijana aliyeshika mpira akiwa na miaka 15, akakabidhiwa mtu ambaye alishajua kutumia kiuno chake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo huku kwetu halikuzungumzwa kabisa. Chuoni mlinzi mrefu anaruhusiwa kukaa chini ya goli muda wote akipenda. NBA hairuhusu. Tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kubaki ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Yaani ile amri ya "simama hapa, inua mikono" huko ni kosa linaloadhibiwa. Thabeet aliingia ligi ambayo imeipiga marufuku kazi aliyoijua kuliko zote. Na Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katikati, kwa hiyo dakika za kujifunza zilikuwa chache. Msimu wake wa kwanza haujaisha, wakamshusha D-League, ligi ya chini ya NBA, kwenye timu ya Dakota Wizards. Hadi wakati huo hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa. Akaenda Houston, Portland, Oklahoma City, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha: mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Hakukata tamaa. Alicheza Japani, akacheza Taiwan, na kwa hilo namheshimu kuliko ninavyoheshimu nafasi yake kwenye drafti.

Biyombo naye alitupwa pabaya, lakini ubaya wa aina nyingine. Charlotte ya msimu wa 2011/12 ilishinda mechi 7 ikapoteza 59. Timu ya namna hiyo haina cha kulinda, kwa hiyo kijana wa miaka 19 alipewa dakika, akafungwa, akakosea, kesho akarudishwa tena uwanjani. Mwaka 2016 akiwa Toronto, namba tano wao Jonas Valančiūnas aliumia wakati wa mtoano, na Biyombo akachukua nafasi yake. Katika mechi ya tatu ya fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James alinyakua ribaundi 26, rekodi ya klabu. Aliendelea NBA kwa zaidi ya misimu 10. Baba yake alipofariki mwaka 2021, alitoa mshahara wake wa msimu kujenga hospitali Kongo kwa jina la mzee huyo, akifuata njia ya Mkongo mwenzake, Dikembe Mutombo, aliyejenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake.

Hukumu yangu ni hii: kwa mwili, Thabeet alijaliwa zaidi. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha mchezo mzima kabla hajafika mahali ambapo hakuna anayefundisha tena. Curry na wenzake walipoanza kutupia kutoka mbali, namba tano asiyeweza kutoka nje na kumfuata mfupi hakuwa na pa kujificha.

Huku kwetu mambo yamebadilika, ingawa polepole. Hivi karibuni nilikaa pembeni ya uwanja mmoja Upanga nikimtazama kocha kijana akiwa na mvulana mrefu kutoka mikoani. Hakumpa mpira. Alichora mistari ya chaki sakafuni, akamwambia ashushe kiuno na ateleze kando, kushoto na kulia, huku kijana mdogo mwepesi akijaribu kumpita. Mvulana alikuwa amekata ncha za viatu vyake vya mtumba ili vidole vitoke, kwa sababu saizi yake haipatikani kirahisi. Alipitwa, akapitwa tena, kisha akaanza kufika. Enzi zetu kijana huyo angekuwa amesimama chini ya goli akisubiri.

Khaman Maluach ndiye mfano wa karibu wa mrefu aliyefundishwa mapema. Kijana wa Sudan Kusini, aliyelelewa Kawempe, Uganda, alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, si mapema sana kumzidi Thabeet. Lakini alipelekwa shule ya NBA kule Senegal, na akiwa na miaka 15 alikuwa akicheza na watu wazima kwenye Ligi ya Kikapu ya Afrika. Juni 2025 alichaguliwa wa 10, akaenda Phoenix.

Makocha wetu, mpeni mrefu mpira audunde. Na msomaji mwenye viatu vya namba 48 visivyovaliwa, naomba uvipeleke kwenye uwanja ulio karibu nawe. Kuna mtu anavihitaji.