Dume Lisilo na Mbegu

Aghalabu neno dume, katika mazungumzo ya Waswahili, hubeba mambo mawili kwa pamoja: umbile na uwezo wa kuzalisha. Anayesifiwa kuwa dume hudhaniwa kuwa baba tayari. Mtoto akikosekana nyumbani, lawama humwendea mke. Msamiati nao umeegemea huko huko. Atajwapo tasa, fikira humkimbilia mwanamke. Mwanamume huachiwa hanithi, neno linalohusu kushindwa kitandani, jambo lililo mbali na upungufu wa mbegu.

Yupo samaki mdogo wa mito ya Asia Kusini anayezitenganisha dhana hizi. Ni Danio rerio, mwenye urefu wa sentimita 4 hivi na michirizi mithili ya punda milia. Kiinitete chake hukua nje ya mwili wa mama nacho hupenyeza mwanga, hivyo chini ya hadubini seli huonekana zikisafiri. Miongoni mwazo ni seli chache za uzazi, ambazo huzuka mbali na mahali pa korodani au ovari, na sharti zihamie huko. Safari hiyo huhitaji jeni iliyoelezwa mwaka 2003 na kupewa jina la Dead end, yaani njia isiyotokea kokote. Jeni hiyo ikizimwa, seli hizo hupotea.

Ajabu ni kinachofuata. Samaki waliozikosa hukua wote kuwa madume, wala hapatikani jike hata mmoja! Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba madume hao huwabembeleza majike, na majike hutaga. Mayai hayarutubishwi, kwa kuwa korodani hazina mbegu. Basi nani atawaita mahanithi?

Nchini Norwei utasa huo umetafutwa kwa makusudi. Salmoni wa kufugwa hutoroka vizimbani, wakazaana na wale wa mtoni na kuchafua nasaba yao. Mwaka 2016 watafiti walieleza salmoni waliozimiwa jeni iyo hiyo, wasio na seli za uzazi.

Kiswahili kinalo neno mgumba, ambalo kisarufi halibagui mume wala mke. Hata hivyo, mara nyingi mke huzungushwa kwa waganga, hata akarejeshwa kwao, ilhali manii ya mumewe hayajapimwa hata mara moja.