Siku Moja na Mwanafunzi wa Miritini

Wasafiri wengi wanaoshuka katika gari la moshi litokalo Nairobi hudhani kwamba wamekwisha fika Mombasa. Kumbe wamefika Miritini. Kisiwa chenyewe bado kiko mbele, zaidi ya kilometa 10, na ndiyo maana umati wa watu hutoka stesheni mbio kuzigombea matatu, wala hakuna ageukaye kutazama mahali alipo. Mimi nilipanda gari hilo Voi, nikashuka mchana wa saa nane, nikawaacha wenye haraka zao waende. Safari yangu ilikuwa imekwisha, kwa kuwa dada yangu ameolewa Miritini na huko ndiko alikoniita.

Stesheni ile ilifunguliwa mwaka 2017, nayo ni jengo la fahari, lililojengwa kwa mfano wa mawimbi ya maji. Lakini Miritini haikuzaliwa na reli hii mpya. Reli ya kwanza, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ilipita papa hapa kwenda bara. Na kabla ya reli zote mbili, nchi hii ilijulikana na wenyeji wake: Wajomvu, ambao huhesabiwa katika Tisa Taifa za Waswahili wa Mombasa, na jirani zao Wachangamwe, walio katika Taifa Tatu. Siku hizi msafiri huona kwanza malori. Barabara kuu ya Nairobi inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka barabara mpya ya Dongo Kundu iendayo pwani ya kusini bila kuvuka kwa feri. Pembeni mwa barabara hizo kuna yadi za makontena, yamepangwa moja juu ya jingine kama masanduku ya duka la Mhindi.

Dada yangu ni mjane, naye huuza mahamri na mbaazi mlangoni pake. Aliniita kwa shauri moja. Mwanawe wa kwanza anasomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kule Tudor, naye amebakiwa na mihula miwili. Binti yake mdogo anatakiwa kuingia shule ya sekondari Januari. Msimamizi wa yadi moja ya makontena alikuwa amemwambia kijana kwamba ipo kazi ya kila siku, shilingi 700, na jibu analitaka kabla ya kesho yake jioni. "Kaka," dada aliniambia, "wewe ni mjomba wake. Zungumza naye." Sitaficha, wasomaji: nilikuja nikiwa nimekwisha kata shauri moyoni kwamba kijana aache masomo kwa muda, aisaidie nyumba. Lakini nilisema nitakwenda naye chuoni kwanza, niione siku yake.

Siku hiyo ilianza saa kumi alfajiri. Niliamshwa na mlio wa mitungi. Mpwa wangu alikuwa akinunua maji kwa mwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, akiyamimina katika pipa la mama yake. Nilishangaa, maana bomba la chemchemi za Mzima, lililokamilika mwaka 1957, huleta maji Mombasa kutoka nchi yetu ya Taita. Aliponiona alisema, "Shikamoo, mjomba. Maji yenu ya Taita hupita hapa usiku, lakini hayabishi hodi kila nyumba." Baada ya hapo alimsaidia mama yake kukaanga mahamri, akanywa chai kavu, na saa kumi na moja na nusu tulikuwa barabarani.

Nilimwuliza kwa nini tutoke mapema hivyo, ilhali somo la kwanza ni saa mbili. Jibu nililipata mwenyewe. Kufika Kwa Jomvu tulikwama nyuma ya malori yaliyojipanga kwenda bandarini. Abiria walisinzia, kondakta alipiga bati, na mpwa wangu alitoa daftari akaanza kusoma akiwa amebanwa baina ya mwanamke mwenye kapu la samaki na mlinzi atokaye zamu. "Hii ndiyo maktaba yangu ya asubuhi," alisema. "Nyumbani umeme ukiwapo, nafasi haipo. Hapa nafasi ya mwili haipo, lakini hakuna anitumaye dukani."

Tulipofika Changamwe alinionyesha matangi ya kiwanda cha kusafishia mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Alisema, "Mjomba, kiwanda kilipoacha kusafisha, mwenye ufundi aliuchukua ufundi wake akaenda nao pengine. Aliyekuwa na nguvu za mikono tu alirudi na mikono yake." Sikumjibu, kwa kuwa niliona anakoelekea.

Tulipita Kibarani, ambapo zamani palikuwa na jaa kubwa la taka za mji, kisha tukavuka Makupa. Wale waliofika Mombasa miaka iliyopita wanakumbuka kwamba hapo palikuwa na tuta lililoziba mkono wa bahari. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2022, na sasa maji hupita chini yake. Mara tu baada ya daraja tulishuka. Mpwa wangu alinyosha njia kwa miguu kuelekea Tudor. Kumbe kila siku hutembea kipande hicho apate kuokoa nauli ya matatu ya pili.

Chuo chenyewe kina historia inayofaa kujulikana. Kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kikiwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki kazi za ufundi. Mwaka 1966 kiligeuzwa kuwa taasisi ya ufundi, mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Siku hizi vijana wa dini zote na makabila yote huingia lango lile lile, na majengo ya zamani yenye matao bado yamesimama, yakitazamwa na wapita njia.

Asubuhi ilikuwa ya hesabu, nami nilingoja chini ya mti. Mchana niliombewa ruhusa ya kusimama mlangoni mwa karakana. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonigeuza. Mpwa wangu alikuwa kwenye mashine ya kukerezea vyuma, akichonga mhimili mfupi. Alipomaliza, ulikuwa unang'aa, na kwa macho yangu haukuwa na kasoro. Mwalimu aliupima kwa kipimo chake, akatikisa kichwa. Ulikuwa umezidi kwa sehemu ndogo kuliko unene wa unywele. "Anza upya," alisema. Kijana hakubishana wala hakununa. Alichukua kipande kingine, akakifunga katika mashine, akaanza tangu mwanzo, akipima kila mara kabla ya kukata. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Mara ya pili mwalimu alipima, akauweka mezani bila neno, akaenda kwa mwingine. Mpwa wangu aliutazama ule mhimili kwa namna ambavyo mkulima hutazama shina la kwanza la mahindi.

Tulipokuwa tukingoja matatu ya kurudi, alinipa daftari lake nimshikie. Mimi ni karani, na jicho la karani huvutwa na hesabu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na safu tatu: nauli, chakula, na kunakili maandishi. Nauli ilijazwa kila siku, shilingi 160. Safu ya chakula ilikuwa tupu siku mbili katika kila wiki. Nilifunga daftari. Nilikumbuka kwamba mchana ule alininunulia sahani ya wali na maharage, akasema yeye ameshiba.

Tulifika Miritini jua likizama, tukapita yadini moja kwa moja. Msimamizi alitupokea kwa heshima. Mpwa wangu alimwomba kazi ya Jumamosi na Jumapili tu. Yule bwana alisema kweli yake bila ukali: "Meli haingoji Jumamosi. Nikikuandika, nakutaka kila siku." Nami nilimwuliza kama kazi hiyo itadumu. Alicheka kidogo. Akanikumbusha kwamba mwaka 2019 serikali iliamuru mizigo ya Nairobi ipelekwe kwa reli, kazi za yadi na malori zikapungua sana, hata watu wakaandamana mjini. Na kwamba mwaka 2022 serikali mpya iliigeuza amri hiyo, kazi zikaanza kurudi. "Mzee," alisema, "hapa twala kwa amri ya mwingine. Leo ipo." Mpwa wangu alinitazama. Nikamwambia ajibu mwenyewe. Alimshukuru yule bwana, akasema atamaliza masomo yake.

Usiku dada yangu alisikiliza habari zote bila kukatiza. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi nililiogopa: "Na binti yangu je?" Swali hilo halijibiwi kwa methali. Mihula miwili ni miezi mingi kwa mtu auzaye mahamri, na shilingi 700 kwa siku si mzaha. Nilitoa kalamu tukafanya hesabu mezani, sisi watatu. Sehemu moja ataibeba mama kwa biashara yake. Sehemu moja nitaibeba mimi katika mshahara wangu hadi kijana atakapomaliza. Na yeye akaahidi kwamba akipata kazi, karo ya dada yake ndiyo deni lake la kwanza. Hesabu haikutimia sawasawa. Ilibaki pengo, na pengo hilo tumeamua kumwendea baba mkubwa wa watoto. Nikaongeza sharti moja: safu ya chakula isiachwe tupu tena.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunao watoto au wapwa vyuoni. Tunawauliza habari za mtihani tu, nao hutujibu "salama", yakaishia hapo. Ushauri wangu ni huu: kabla hujamshauri kijana aache masomo au aendelee nayo, toka naye nyumbani alfajiri, panda matatu yake, na uombe kuliona daftari lake. Mimi nilikwenda Miritini na jibu tayari mfukoni. Nilirudi Voi kwa gari la kesho yake nikiwa nimeliacha huko, na mfukoni nina hesabu ya kulipa kila mwisho wa mwezi.