Presha Kila Mtu Anayo

Nyanya mmoja wa Voi, mwalimu mstaafu, aliletewa na mwanawe mashine ya kupimia presha nyumbani. Asubuhi ya kwanza aliitumia mara tu alipotua mtungi wa maji. Ikasoma 158 juu ya 96. Usiku huo hakupata usingizi. Wiki kadhaa baadaye, akimeza dawa za zahanati bila kukosa, ilisoma 122 juu ya 78. Akaifungia mashine kabatini, na dawa pamoja nayo.

"Presha imekwisha, mwanangu," alimwambia kijana wake kwa simu.

Kosa lake lilianzia katika lugha. Watu husema fulani "ana presha" kana kwamba wengine hawana. Ilhali shinikizo la damu ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na kila aliye hai analo. Maradhi ni shinikizo hilo kupanda na kudumu juu. Tarakimu ya kwanza huonyesha nguvu hiyo moyo unapojikaza, ya pili moyo unapopumzika kati ya mapigo.

Aliporudi zahanati alipatikana na 168 juu ya 102, naye hakuwa amehisi lolote. Muuguzi hakumkaripia. Alimweleza kuwa 122 ile ilikuwa kazi ya dawa, wala haikuwa ruhusa ya kuziacha. Akamfundisha kupima: akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zikanyage sakafu, mkono ulio wazi ulazwe mezani usawa wa moyo, naye asizungumze. Apime mara mbili, asubuhi na jioni, kwa siku saba, kisha atafute wastani. Zahanatini mpaka ni 140 juu ya 90. Nyumbani, ambako aghalabu mtu hutulia zaidi, ni 135 juu ya 85. Ila akiona 180 juu ya 120, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au ulimi kuwa mzito, asingoje wastani, akimbizwe hospitalini.

"Kumbe ni kama darasani," nyanya alisema. "Mtoto hapewi gredi kwa jaribio moja."

Siku hizi ana daftari lenye safu nne: tarehe, saa, ya juu, ya chini. Mwanawe akimpigia simu kumuuliza kama bado ana presha, humsahihisha kwanza: "Hata wewe unayo, mwanangu. Uliza ni ngapi."