Kutoka Kanombe hadi Musanze kwa Pikipiki

Kanombe iko mashariki ya mji wa Kigali, penye kiwanja cha ndege na hospitali ya jeshi. Huko ndiko iliko nyumba ya zamani ya Rais Habyarimana, ambaye ndege yake ilitunguliwa ikikaribia kutua tarehe 6 Aprili 1994. Leo nyumba hiyo ni makumbusho. Mpanda pikipiki aelekeaye kaskazini hupita Remera, akauvuka mji, akateremka hadi Nyabugogo penye kituo kikuu cha mabasi. Safari yenyewe huanzia hapo.

Ndugu msomaji uliyejifunzia udereva Tanzania, Kenya au Uganda, kumbuka kwamba Rwanda magari hupita kulia. Katika barabara iliyonyooka jambo hili huzoeleka upesi. Katika kona ya mlimani, mazoea ya kushoto humpeleka mtu usoni mwa lori.

Kuanzia Kanyinya hadi Shyorongi lami hupanda ikiuzunguka ubavu wa mlima, huku mikaratusi na matuta ya mashamba yakiwa juu, na bonde chini. Baiskeli zilizopakiwa viazi huteremka kwa kasi ya kutisha. Zile zinazopanda, baadhi yake hushikilia malori kwa nyuma. Usizifuate kwa karibu.

Nyirangarama ni mahali pa kupumzika, kula nyama ya kuchoma na kuonja pilipili ambayo imekipa kijiji hicho umaarufu. Baada ya hapo ni Gakenke, kisha kona za Buranga, ambazo kwa maoni yangu ndizo nzuri na ndizo mbaya kupita zote. Ukungu hutanda ghafla. Mteremko nao ni mrefu, na mwenye kukanyaga breki mfululizo huzichoma hata zikakosa nguvu mahali zinapohitajika. Shuka kwa gia ileile ambayo ungeipandia, upunguze mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake.

Aidha, mwenzi uliyempakia afundishwe mapema kuinama pamoja nawe. Wengi kwa hofu huketi wima au hulalia upande wa pili, wakadhani wanasaidia. Kumbe wanaisukuma pikipiki nje ya kona. Kofia ngumu avae naye pia.

Miezi ya masika yataka tahadhari ya pekee. Mei 2016 maporomoko ya ardhi yaliua watu wengi Gakenke na kuifunga barabara hii. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Mvua ikinyesha usiku kucha, familia ingojee. Tope likiwa juu ya lami halina kona wala dereva hodari.

Ukishaivuka Buranga, nchi hufunguka. Musanze, uliokuwa ukiitwa Ruhengeri, umelala chini ya volkano: Muhabura yenye meta 4,127, na magharibi zaidi Karisimbi, meta 4,507. Zitazame asubuhi, kwani ifikapo alasiri mara nyingi hujifunika mawingu.