Daftari la Dukani

Wengine wenu mmepata kuniuliza likizo ndefu naifanyia nini huko kwetu Palma. Nafundisha watoto kusoma Kireno. Lakini walimu wa likizo wako kila mahali, kwa hiyo leo nataka kueleza habari za kina mama wa mtaa wetu na jinsi wanavyowapa watoto madaftari.

Yaliyotupata mnayajua. Mji ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua. Wengine wakahifadhiwa Quitunda, wengine wakafika Pemba, wengine wakavuka Ruvuma. Waliporudi, watoto walikuwa wamekwisha poteza miaka ya masomo. Shule ya msingi ya serikali haidai ada, lakini daftari na kalamu hununuliwa, na aliyeunguliwa na nyumba hununua kwanza unga na bati.

Siku moja walifika waungwana fulani na masanduku ya vifaa. Kwa vifaa twashukuru. Lakini watoto walipangwa mstari uwanjani, kila mmoja akaulizwa mbele ya watu ni nani wake aliyeuawa, kisha akapigwa picha ameshika daftari. Kijana mmoja wa miaka 14, mwanafunzi wangu, alitoka mstarini kabla ya zamu yake, akaenda zake pwani. Darasani hakuonekana tena. Mjomba wake akamchukua katika ngalawa. Nilipomfuata aliniambia, "Kaka, mimi si mwombaji."

Habari hiyo nilimpelekea mama mkubwa. Yeye na wenzake, wauza samaki na wapika maandazi, wana chama kisicho na jina wala muhuri. Kila Ijumaa kila mmoja hutoa alichojaliwa. Hakunijibu neno. Alijifunga leso, akaenda kuzungumza na mwenye duka. Tangu siku hiyo fedha za chama hukaa dukani. Mtoto aliyepungukiwa huja akasema, "Nimetumwa daftari na mama fulani," naye hupewa kama mtoto yeyote aliyetumwa na mzazi wake. Mwenye duka huandika katika buku lake. Anayenunua sukari pembeni hajui kitu. Hata mimi mwalimu wao sijui ni nani anayeandika katika daftari la chama.

Wako wanaolaumu, wakisema pasipo orodha fedha zitaliwa. Labda daftari moja mbili hupotea. Mimi naona hasara hiyo yavumilika, maana nimeona mstari ule ulivyotuondolea mtoto.

Baada ya wiki tatu kijana yule alirudi na daftari jipya. Sikumwuliza limetoka wapi. Nilimwuliza mama mkubwa, akasema, "Mwanangu, hilo si lako." Sasa yumo shuleni pamoja na watoto wadogo kwake, magoti yake yakigusa dawati, na kusoma anasoma vizuri.

Taabu yetu ni kaskazi. Bahari ikichafuka samaki hupungua, na ndiyo miezi ile ile shule zinapofunguliwa. Mwaka huu fedha ziliisha mapema, mwenye duka akakopesha hadi Machi. Ninyi mliokwisha maliza masomo hapa, mlioko Pemba, Nampula na hata Mtwara, mkipenda kusaidia msitume masanduku. Niandikieni, nami nitawapa jina la duka.