Adui wa Vifaranga Wakati wa Mvua

Katika njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mgeni wa heshima huchinjiwa kuku mpaka leo. Kwa hiyo vifo vya bandani si hasara ya fedha tu; ni fedheha ya mwenyeji.

Mvua zianzapo mwezi Novemba, vifaranga wa wiki 3 hadi 6 hujikunyata, huangusha mbawa na kuhara damu. Nimewasikia majirani wakilaumu mdondo, nao kuku wamekwisha chanjwa. Chanjo ile haizuii maradhi haya, yaitwayo koksidiosisi. Mdondo huletwa na virusi; haya huletwa na kijidudu Eimeria, kinachoharibu utumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakipata unyevu na joto hukomaa kwa siku 1 au 2, tayari kumezwa na kifaranga mwingine.

Basi ondoa maranda yaliyolowa, inua chombo cha maji, tenga vifaranga na kuku wakubwa, ambao huweza kuyabeba maradhi huku wakionekana wazima. Ukiona damu, usingoje kesho. Mwone bwana mifugo.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Banda likiwa tupu, atapona nani?